Haya ya Mwalimu wa Seli

Tulimwita Mwalimu, naye hakutaka kuitwa jina jingine. Wachache waliomfahamu tangu kwao Burundi waliwahi kumwita Profesa, akawageuzia uso kama mtu aliyemwagiwa maji. Alikuwa mrefu, mwembamba, na alizungumza kwa sauti ndogo kana kwamba wakati wowote ataomba radhi. Nilimfahamu kwanza kijijini kwetu Kasulo, miaka ya kambi ya wakimbizi, akitufundisha tuisheni ya Baiolojia. Baadaye nikamkuta Nyakahura, uzeeni mwake. Katika miaka yote hiyo nilimwona akiwa na haya kuliko mtu mwingine yeyote niliyepata kukutana naye, na huyo ndiye aliyetufundisha habari za uzazi.

Alifanya hivi. Aliandika neno lenyewe ubaoni kwa mwandiko mzuri, kisha akatupa mgongo na kulieleza neno hilo akiutazama ubao. Ukimwuliza swali alilijibu lote, bila kuficha wala kuzunguka, lakini shingo yake ilikuwa ikilowa jasho. Wavulana walipenda kumwuliza maswali ya aibu ili waione shingo ikilowa. Alijibu yote. Sijui kama alitambua kwamba anachezewa. Labda alitambua, ila kwake swali lilikuwa swali.

Shule yetu ya sekondari haikuwa na mwalimu wa sayansi, na mkimbizi hakuruhusiwa kuajiriwa. Kwa hiyo katekista alimwachia kanisa letu dogo siku za Jumamosi, tukakaa kwenye mabenchi ya kusalia, sisi wa Kasulo, wengine waliokuja na baiskeli kutoka Mbuba, na wale wa kambini. Wazazi walimpa ndizi, maharage, mara mojamoja kuku. Alipokea kwa mikono miwili akiangalia chini, na mtu yeyote aliyekuwa karibu aliona kwamba kupokea kunamuumiza. Yule kuku hakufika naye nyumbani kwake, ile nyumba ya turubai. Njiani alimgawia mtu mwenye watoto wengi, halafu akala ugali wa mahindi ya mgawo kama kawaida yake.

Kirundi chake na Kihangaza chetu vinasikilizana, na angeweza kutufundisha kwa lugha hizo tukaelewa. Alikataa. Alisema mtihani uko kwa Kiswahili na Kiingereza, na yeye hakuja kutufundisha umbea. Lakini Kiswahili chake alikuwa amejifunza ukubwani, na herufi l mara nyingine ilimshinda. Seli aliita “seri”. Nyuma yake tulimwita Mwalimu wa Seri, na siku moja alitusikia. Akasema tu, “Ndiyo. Hiyo ndiyo kazi yangu,” akaendelea kufuta ubao.

Kitu kimoja kilimkasirisha. Kitabu chetu kilisema kwamba mwili una askari wanaopigana na wavamizi. Mvulana mmoja alikisoma kifungu hicho kwa sauti, Mwalimu akamkatiza.

“Hakuna askari humo ndani,” alisema. “Kuna protini. Zinashikana na kuachana, basi. Msiwapeleke askari kila mahali.”

Wale wa kambini waliinamisha vichwa. Sisi wenyeji tulitazamana. Tangu siku hiyo hakuna aliyetaja vita katika somo la mwili.

Kwa sababu hakutaka askari, ilimbidi atafute njia nyingine ya kutueleza virusi vinavyoleta kansa. Alikuja na kamba za migomba. Akamsimamisha msichana mmoja mbele na kumwambia, “Wewe ni amri ya kugawanyika. Ukiachiwa, seri inajigawa.” Akamwita mvulana amshike mkono. Msichana akarudisha mkono nyuma, mvulana naye akacheka na kuziba uso. Mwalimu akalowa jasho kuliko wote. Ndiyo maana zilikuwepo kamba: akampa kila mmoja ncha yake, wasigusane.

“Huyu mwenye kamba ni protini,” alisema. “Kazi yake ni kuishikilia amri hiyo mpaka wakati ufike. Na huyu mwingine,” akamwita wa tatu, “kazi yake ni kukagua. Akikuta vinasaba vimeharibika, anasema: simama, tengenezeni kwanza. Visipotengenezeka, anaiamuru seri ife. Nyinyi mko hai kwa sababu ya hawa wawili.”

Halafu kikaja kirusi, yaani mimi na msichana wa kambini. Alieleza kwamba kirusi hiki ni kidogo mno, hakina vifaa vya kujinakili, lazima kitumie vya seli. Lakini seli iliyotulia haivitoi vifaa hivyo. Lazima iamshwe. Kwa hiyo kinatengeneza protini zake mbili. Mimi nilikuwa ya kwanza. Nilimshika yule mwenye kamba pindo la shati hadi kamba ikamponyoka, na amri ya kugawanyika ikawa huru. Mwenzangu alimfunga yule mkaguzi kitambaa mkononi, alama kwamba huyu ni takataka. Kisha wanafunzi waliobaki, ndio seli yenyewe na vyombo vyake vya kusafishia, wakamtoa nje.

“Mmeona?” alisema. “Kirusi hakikumuua mkaguzi. Kilimwekea alama, wa nyumbani ndio waliomtupa.” Tukamtazama mwenzetu aliyekuwa amesimama mlangoni na kitambaa chake. “Sasa seri inagawanyika bila kushikwa, na makosa yanajaa bila kukaguliwa. Miaka inapita. Siku moja ni kansa. Na kirusi hakikukusudia hivyo. Hakina nia mbaya. Hakina nia yoyote.”

Msichana wa kambini akauliza, “Wanaopata huo ugonjwa huwa wamekosa nini, Mwalimu?”

“Hawajakosa kitu.”

Aligeukia ubao. Tulisubiri aendelee. Alisimama hivyo chaki mkononi mpaka katekista alipochungulia mlangoni akidhani tumeshamaliza, nasi tukakusanya vitu vyetu na kuondoka.

Mwaka huohuo mama yangu aliugua.

Mama alikuwa akiuza ndizi na mihogo katika soko la kambi, kama wanawake wengi wa Kasulo. Alianza kutoka damu isiyo ya wakati wake. Alinyamaza, kama ilivyo desturi, hadi maumivu ya kiuno yakamzuia kubeba tenga. Kisha ikaja harufu. Sitaieleza. Nitasema tu kwamba nilijifunza kuanika vitambaa vyake nyuma ya choo, kwamba niliwasha moto wa majani mabichi hata pasipokuwa na cha kupika, na kwamba rafiki zangu walipokuja niliwakimbilia barabarani kabla hawajaingia uani. Mama mwenyewe alijitenga. Alihamishia mkeka wake chumba cha stoo, karibu na maharage, na alipopita mbele ya watu alijibanza ukutani.

Majirani walisema maradhi hayo ameyapata kambini. Walisema kwa sauti ya chini lakini si chini sana. Baba alikuwa mkulima mpole, asiyepiga, ila maneno hayo yalimwingia. Aliacha kula alichopika mama. Siku moja nilimsikia akimwambia mjomba kwamba baada ya mavuno atamrudisha mama kwa kaka zake Mbuba, kwa sababu hawezi kumuuguza mtu kwa ugonjwa wa wanaume wengine.

Niliacha kwenda tuisheni. Jumamosi ya tatu Mwalimu alinikuta bombani, akasimama upande wa pili wa foleni ya ndoo.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, Koleta. Huonekani.”

Nikamwambia mama anaumwa. Akauliza anaumwa nini. Nilikuwa msichana wa kidato cha tatu na watu walikuwa wamejaa pale. Nilitazama ndoo yangu nikasema, “Ule wa kwenye somo la kamba.” Hakuuliza tena.

Alikuja kwetu Jumapili baada ya misa, amevaa koti lake la pekee. Baba alimpa kigoda na kumtolea rubisi. Mwalimu alikuwa hanywi pombe, lakini kibuyu alikipokea na kukaa nacho magotini. Mimi nilikuwa jikoni na mama alikuwa stoo, mlango uko wazi. Wanaume wawili walizungumza juu ya mvua, juu ya ndizi, juu ya kuni ambazo kambi imezimaliza milimani. Kisha Mwalimu akaanza kuongea akiitazama migomba.

“Baba Koleta, nimesikia mama anaumwa.”

“Anaumwa ugonjwa wa tabia,” baba alisema.

“Hapana. Ni kansa ya mlango wa kizazi.”

“Wewe ni msomi. Niambie ugonjwa huo unaambukizwa wapi.”

“Kirusi chake kinaambukizwa kitandani.”

“Basi. Umesema mwenyewe.”

“Kitanda kipi?” Mwalimu aliuliza. “Unajua ni kipi? Kirusi hiki kinakaa kimya miaka mingi. Kinaweza kuingia msichana anapoolewa, kikaja kuonekana watoto wakiwa wakubwa. Mwanamume mara nyingi hana dalili, hajui kama anacho. Mwanamke aliyemjua mume wake peke yake anakipata kwa huyohuyo.”

“Unasema ni mimi.”

“Sisemi ni wewe. Nasema huwezi kusema ni yeye. Karibu kila mtu anakutana nacho maishani, na wengi mwili unakiondoa wenyewe. Kwa wachache kinabaki. Hakuna anayejua kwa nini kwa huyu kimebaki na kwa yule kimetoka. Si tabia.”

Kabla ya kumwoa mama, na hili kila mtu Kasulo alilijua, baba alikuwa amefanya kazi katika mashamba ya watu huko Karagwe, kijana asiye na mke. Hakulitaja, wala Mwalimu hakumwuliza. Mwishowe baba alisema, “Wewe umeyajuaje mambo ya wanawake namna hii?”

Mwalimu alikiweka kibuyu chini polepole. “Nimesoma,” alisema.

Akaaga. Alipopita mbele ya stoo alisimama, akamwambia mama kwa Kirundi, bila kutazama ndani, kwamba anamwombea nguvu. Alipoondoka mama aliniita. “Yule mtu,” alisema, “ana aibu kuliko mimi.”

Baba alimpeleka mama hospitali ya wilaya, na kutoka pale wakaandikiwa kwenda hospitali kubwa ya Mwanza. Walichelewa. Madaktari walimpa dawa za maumivu wakamrudisha. Lakini alirudi nyumbani kwake, si Mbuba, na baba aliuhamisha mkeka wa mama kutoka stoo kwa mikono yake mwenyewe, akaulaza kando ya wake. Alimwosha. Majirani walipoingia walimkuta akimwosha, hawakujua watazame wapi. Tulimzika mama migombani, na wote waliomsema walikuja kuzika. Aibu yote ya nyumba yetu ilikuwa imehamia kwao, na bado sikuona nafuu niliyoitegemea. Hadi leo nikisikia harufu ya majani mabichi yanayoungua, uso unaniwaka moto.

Mwalimu alihudhuria maziko, akasimama nyuma kabisa, amemshika mkono binti yake wa miaka minane au tisa. Huyo ndiye aliyekuwa familia yake yote. Ukimwuliza mama wa mtoto yuko wapi alisema, “Hayupo,” na katika miaka ile neno hilo lilitosha. Nusu ya kambi ilikuwa na watu wasiokuwepo. Tulimwonea huruma, mgane aliyefiwa vitani, na tulipomwona akimsuka binti yake nywele nje ya turubai, kwa vidole visivyojua, kina mama waliosimama pale walitikisa vichwa na kumsifu.

Kambi zilipofungwa na watu kurudishwa, yeye hakurudi. Binti yake alikuwa ameshaolewa Nyakahura, katika ukoo wa Warundi waliokuja zamani, wakapewa mashamba na uraia. Mzee akaishi kwao. Mimi nami nikapangiwa kufundisha shule ya msingi hapohapo Nyakahura, na nilipomkuta sokoni, upande wa minada ya ng'ombe, alinitambua kabla sijasema kitu. Akauliza baba hajambo. Kisha tukasimama tunaangalia ng'ombe.

Ilipokuja chanjo ya wasichana dhidi ya kirusi kilekile, shule ilituma walimu nyumba kwa nyumba kuzungumza na wazazi waliokataa. Nyumba ya Mwalimu ilikuwa katika nilizopangiwa. Binti yake ndiye aliyekataa. Nilimkuta anapepeta maharage uani, na mzee amekaa kwenye kivuli cha ukuta, fimbo kati ya magoti. Nilimsalimu mzee, nikamweleza binti kazi iliyonileta.

“Ni chanjo ya ugonjwa wa malaya, dada,” alisema bila kuacha kupepeta. “Binti yangu si wa namna hiyo.”

“Si ugonjwa wa malaya. Mama yangu alikufa kwa huo.”

“Pole. Simsemi mama yako. Namsema wangu. Alituacha mimi na baba kwa ajili ya wanaume. Nimelea binti yangu ili asimfuate bibi yake. Nikimpeleka kuchanjwa nitakuwa nimekubali kwamba atamfuata.”

Nilimgeukia mzee ili anisaidie. Yeye ndiye aliyenifundisha. Nilidhani ataanza na protini.

“Mama yako hakutuacha,” alisema. “Nilimrudisha kwao.”

Ungo ukasimama.

“Alianza kutoka damu. Nilikuwa nafundisha chuoni, vitabu viko mezani. Kirusi nilikijua. Kinavyozishika protini mbili nilijua. Kinavyopita kutoka kwa mtu hadi mtu nilijua. Nikamwuliza ni nani. Akasema hakuna mtu. Nikamfungulia kitabu, nikamwonyesha ukurasa, nikamwuliza tena. Akaniuliza, na wewe ulipokuwa Ulaya peke yako miaka yote ile, kabla hujanioa?” Alipumua. “Nilikuwa na jibu la swali lake. Nilikuwa nalo. Niliona amenivunjia heshima, nikampeleka kwao kesho yake. Wewe ulikuwa hujaacha kunyonya vizuri.”

“Uliniambia alifuata wanaume.”

“Sikukuambia. Uliyasikia kwa shangazi zako, nikayaacha.”

Kuku aliingia kwenye maharage na hakuna aliyemfukuza. Yote aliyomwambia baba yangu pale kwetu, nilifikiri, alikuwa akimwambia mtu mwingine.

“Alikufa lini?” binti aliuliza.

“Vita vilianza. Nilisikia kwamba amekufa kabla havijafika kwao. Nilisikia tu.”

“Alizikwa wapi?”

“Sijui.”

Alisema neno hilo kwa sauti ndogo sana, na binti akamfanya alirudie. “Sijui, mwanangu.”

Binti hakulia wala hakumtukana. Aliyakusanya maharage yaliyomwagika, akaingia ndani. Nilisikia akimwita mtoto amtafutie sare safi ya kesho.

Kesho yake alimleta mtoto shuleni yeye mwenyewe, akasimama naye kwenye foleni hadi akachomwa sindano. Kisha akanifuata chini ya varanda ya ofisi.

“Mama yako mlimzika nyumbani?”

“Nyumbani. Migombani, Kasulo.”

“Naweza kwenda kumwona?”

Nilimwambia twende Jumamosi. Kwenye kituo cha basi nilimkuta na mtoto, na mzee amesimama hatua chache nyuma yao, amevaa koti. Hakuna aliyesema kama alialikwa. Ndani ya gari alikaa kiti cha mwisho.

Baba yangu, ambaye sasa macho yake yalikuwa yamefifia, alimtambua Mwalimu kwa sauti. Alimtolea kigoda kama zamani, wakakaa. Sisi watatu tuliingia migombani. Binti alipiga magoti kwenye kaburi la mtu asiyemjua, akang'oa magugu kwa mikono, taratibu, pande zote, hadi udongo ukabaki mtupu. Mwanawe akamsaidia. Nilimwacha afanye, sikumwambia kwamba magugu yale baba huyang'oa kila mwezi.

Tuliporudi uani wazee wawili walikuwa wamekaa vilevile, wameangalia upande mmoja. Binti alinawa mikono. Akamuaga baba yangu kwa heshima, akamshukuru. Kisha akasimama mbele ya baba yake, udongo bado umeganda kwenye magoti yake.

“Twende,” alisema. “Gari litatuacha.”

Akatangulia. Mzee aliinuka kwa shida, akaokota fimbo, akamfuata.